Nani Ataonja Kwanza

Jumamosi ile niliamka kabla ya kengele ya misa ya alfajiri, ingawa begi langu lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi. Mke wangu alinitazama nikivaa viatu vya kupandia milima, akasema mzee wa miaka sabini na mmoja anayekwenda kulala chini kwa hiari yake inafaa apitie kwanza kwa daktari. Nikamwambia nitapitia Jumatatu. Nilimshukuru Mungu kwa magoti ambayo bado yanakunjika, nikanywa chai nikiwa nimesimama.

Kundi letu la mahema lina watu wanne, na sote tunakaa mtaa mmoja hapa Kicukiro, Kigali. Tulianza pale Hajji, Mtanzania anayeuza vipuri vya magari Muhima, alipoagiza mahema pamoja na mzigo wake akidhani watalii watayagombania. Hakuna aliyeyanunua. Akatugawia majirani, na baada ya kugawiwa hema, mtu huona aibu kutolala ndani yake hata mara moja. Tulilala mara moja, kwenye kilima, mvua ikatunyeshea mpaka asubuhi, na tukarudi nyumbani tukiwa tumeshapanga siku ya kurudi huko.

Wa tatu ni Mkenya, mama wa miaka hamsini anayefanya kazi ya ofisi na kupanga mambo ya kila mtu. Tunamwita Dada. Wa nne ni muuguzi mstaafu aliyelelewa Uganda kama mimi nilivyolelewa Karagwe, katika familia zilizosubiri miaka mingi kurudi Rwanda. Huyo tunamwita Nesi, na hiki ninachokisimulia ni chake zaidi kuliko chetu.

Wazo la safari lilikuwa la Dada. Alikuwa amesikia kwamba kwenye barabara ya mashariki, ukishapita Kabuga, kumezuka watu wanaotengeneza divai: ya ndizi, ya nanasi, hata ya kiazi chekundu kile cha saladi. Akapanga kwamba Jumamosi tutembelee watengenezaji wawili, tule panapopikwa vizuri, tulale kando ya ziwa Muhazi, na Jumapili tumalizie kwenye mgahawa mmoja wa samaki ambao watu wa Kigali huusifia sana.

"Na Hajji atafanya nini kwenye divai?" niliuliza.

"Nitaendesha," Hajji akasema. "Mnahitaji mtu mmoja mwenye akili timamu. Tena mimi si peke yangu. Mimi na wewe, Mwalimu, ndio Waislamu wa kundi hili."

Alikuwa na haki ya kunitania. Nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka arobaini, na tangu nilipokabidhiwa darasa la kwanza la vijana sikuwahi kunywa pombe mbele ya watu. Kanisa langu halinikatazi. Niliamua mwenyewe, kwa sababu ya macho ya wale vijana, na baadaye ikawa tu jinsi nilivyo.

Lakini Nesi alikuwa na kreti ya chupa sita aliyoifunga kwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Mama yake alimwachia shamba la migomba nyuma ya Kabuga. Alipostaafu hospitali alilishika jembe, akajifunza upya kutengeneza divai ya ndizi kama mama yake alivyokuwa akitengeneza, kisha akaichuja na kuiweka kwenye chupa safi. Kaka zake walitaka kung'oa migomba wajenge nyumba za kupangisha. Walimpa mpaka mwisho wa kiangazi awaonyeshe kwamba shamba lina kazi. Kiangazi kilikuwa kinaisha. Mama mwenye ule mgahawa wa samaki alikuwa amemtumia ujumbe kupitia mpwa wake: lete Jumapili, nitaona. Akiikubali divai iwe kwenye meza zake, migomba itabaki. Akiikataa, Nesi hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelifikiria. Binti yake Nesi, ambaye mimi ndiye baba yake wa ubatizo, alikuwa amepoteza mimba tatu. Sasa alikuwa na ya miezi saba. Mwanzoni mwa mimba hiyo Nesi alipiga magoti akaweka nadhiri kwamba hatatia kilevi mdomoni mpaka mtoto atakapolia. Kwa hiyo zile chupa sita alizitengeneza bila kuonja hata tone. Alinusa. Alitega sikio kwenye pipa kusikiliza linavyochemka. Aliwapa majirani wakaonja, na majirani walisema nzuri.

"Wangesema nini?" alituambia garini. "Ya bure siku zote ni nzuri."

Kwa mtengenezaji wa kwanza nilihisi kama mvulana aliyepelekwa kwenye maonyesho. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye mapipa ya plastiki ya buluu, na hewa yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa kijana mwembamba mwenye buti za mpira, na furaha yake iliwahi kufika kabla ya maneno yake.

"Karibu sana, muzehe! Hii iko ya nanasi. Hii iko ya betterave. Ile kule bado, inapiga kelele, sikiliza!"

Tuliinama wote wanne tukasikiliza. Pipa lilikuwa likinong'ona kweli. Nesi alifumba macho. "Bado siku mbili," akasema. Kijana alimtazama kama mtu aliyefumaniwa. "Mama, umejuaje? Siku mbili, ndiyo!"

Dada alionja hiyo ya betterave, yaani ya kiazi chekundu, akasema ina ladha ya udongo baada ya mvua, na kwamba hilo ni sifa. Alionja ya nanasi akanunua chupa tatu. Hajji alinunua siki, iliyotokana na pipa lililoharibika, akatangaza kwamba hata makosa ya watu hawa yanafaa kachumbari. Mimi nilinusa kila glasi niliyopewa na kuirudisha, na kila mara Hajji alinong'ona, "Mashallah."

Mchana tulikula kwenye kibanda cha brosheti, mishikaki ya huku, kandokando ya barabara, kilichojaa madereva. Nyama ya mbuzi ilitoka ikiwa bado inalia kwenye kijiti, pamoja na ndizi za kuchoma zilizopasuka ngozi. Nilisali kabla ya kula. Nakiri nilisali kwa urefu, maana nilikuwa na mengi ya kushukuru. Nilipofumbua macho nilikuta Hajji ameshamaliza kijiti cha kwanza.

"Dua yangu ni fupi, Mwalimu," alisema. "Inafika mapema."

Kwa mtengenezaji wa pili, karibu na ziwa, ilikuwa kazi ya ndizi tupu. Wanaume wawili walikuwa wakikamua ndizi mbivu kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mbao, wakizikanda kwa mikono mpaka maji yatoke. Nesi alisimama pale kwa muda mrefu. Alimuuliza mwenye kiwanda maswali ambayo sikuyaelewa, juu ya unga wa mtama na juu ya siku za kuchachuka, na yule bwana alijibu mwanzoni kwa dharau kidogo, kisha kwa heshima, kisha akaanza kumuuliza yeye. Tulipoondoka nilimwona Nesi anatembea kwa hatua ndefu. "Yangu si mbaya," alisema. "Kwa harufu, yangu si mbaya kabisa."

Tulisimamisha mahema kwenye nyasi juu ya maji jua likiwa bado lipo. Tulisali rozari sisi watatu, Hajji akaswali upande wa pili wa gari, kisha kila mtu akaingia kwake mapema kama kuku. Nilisikia Nesi akifungua zipu ya hema mara tatu kwenda kuangalia kreti.

Jumapili tulikwenda misa kwenye kanisa dogo la kijiji, ambako kwaya ilikuwa na ngoma mbili na haikuwa na haraka. Hajji alitungoja nje akizungumza na wazee kuhusu bei ya ng'ombe. Baada ya hapo tukaelekea mgahawani, na hapo Dada alitoa vitu alivyokuwa ameviandaa kwa siri. Kitambaa cheupe. Glasi ndogo tano zenye miguu mirefu. Karatasi zilizobandikwa kwenye chupa, zenye mchoro wa mgomba na maneno aliyoyaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Alikuwa ametufundisha njia nzima: Nesi ataeleza ndizi zilikotoka, mimi nitamzungumzia mama yake marehemu, Hajji atanyamaza.

"Nitanyamaza vizuri," Hajji aliahidi.

Mwenye mgahawa alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye kitenge cha kijani na sauti ya kuvuka maji. Aliishi Kongo miaka mingi akiuza samaki, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alituketisha chini ya bati, akaagiza samaki wawili wakubwa wa kuchoma, akataka habari za familia ya kila mmoja wetu mpaka za wajukuu. Tulikula. Samaki wale, nisameheni, sitawaeleza. Niseme tu kwamba hatukuzungumza mpaka tulipoiona mifupa. Kisha Dada akatandika kitambaa.

Nesi alieleza juu ya ndizi. Mikono yake ilitulia, kwa maana ameshika sindano maisha yake yote. Alifungua chupa. Ilitoa pumzi ndogo. Akamimina glasi moja, nusu, rangi ya asali iliyochanganywa na maji, akaiweka mbele ya mwenyeji wetu kwa mikono miwili.

Yule mama hakuigusa. Alingoja. Sisi nasi tulingoja. Pikipiki ilipita barabarani.

"Sasa?" akasema hatimaye.

"Karibu, mama," Nesi akasema. "Onja."

"Mimi nionje? Na wewe?"

Hapo ndipo nilipogundua kosa letu, na niliona kwamba Nesi naye ameligundua. Huku kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya anayepewa, ndipo hukikabidhi. Wazazi wetu walifanya hivyo kila siku huko ugenini. Nilimwona baba yangu akifanya hivyo mara elfu. Lakini sisi tuliolelewa nje, na Mkenya wetu pamoja na glasi zake, tulikuwa tumejiandaa kana kwamba tunakwenda kwa wale vijana wa mapipa ya buluu, ambako mteja hupewa na kuonja tu. Tulifikiria kila kitu isipokuwa kile ambacho mtoto yeyote wa kijiji kile angetukumbusha.

"Mama, mimi siwezi," Nesi alisema polepole. "Nina ahadi kwa Mungu. Ni kwa ajili ya binti yangu."

"Ahadi ni muzuri," mama akasema, na hakuwa na ubaya usoni. "Lakini mimi siwezi weka kwa meza ya watu kitu yenye mwenyewe hajakunywa. Watu wangu watauliza. Mimi mwenyewe najiuliza."

"Mimi nitakunywa!" Dada akasema, mkono wake ukiwa tayari kwenye chupa.

"Wewe iko wa nyumba yake?"

"Mimi ni rafiki yake."

"Rafiki ni mugeni kama mimi."

Dada alinigeukia. Alisema kwa sauti ya chini, lakini meza nzima ilisikia. "Mwalimu, wewe ndiye umesoma dini. Mruhusu. Ni tone moja tu, Mungu anajua moyo wake."

Nesi naye aliniangalia. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuangaliwa hivyo. Kama ningesema kunywa, angekunywa, na angebeba hofu yake mpaka siku ya kujifungua kwa binti yake, na lolote ambalo lingetokea siku hiyo angejiuliza kama ni kwa sababu ya glasi hii. Kama ningesema usinywe, ningekuwa nimeing'oa migomba ya mama yake kwa mkono wangu.

"Nadhiri si yangu," nilisema. "Siwezi kuifungua. Iache ilivyo."

Nesi aliinamisha kichwa. Alianza kurudisha kizibo.

Hapo nilifikiria jambo ambalo, kama ningekuwa mwepesi zaidi, ningelifikiria tangu tulipoketi. Ahadi yake aliiweka mbele za Mungu. Yangu niliiweka mbele ya vijana ambao sasa wengine wao ni babu. Nilikuwa nimeitunza kwa miaka arobaini nikiiona ni utakatifu, na kwa kweli ilikuwa pia raha ya kusifiwa.

"Mama," nikamwambia mwenyeji, "mimi ni wa nyumba yake."

Alinipima kwa macho. "Wewe iko nduguye?"

"Binti yake, huyo aliyewekewa ahadi, mimi ndiye niliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Siku ya harusi yake nilikaa upande wa baba zake. Atakapojifungua, mimi ni miongoni mwa watakaoitwa."

Mama alifikiri. Aliita jikoni mwanamke mwingine, wakazungumza Kinyarwanda kwa haraka. Yule wa jikoni alicheka akaondoka. "Parrain," mama akasema, kwa neno la Kifaransa la baba wa ubatizo. "Ni sawa. Parrain ni wa nyumba. Kunywa tuone."

Nilichukua glasi. Nilisikia Hajji, aliyekuwa amenyamaza vizuri tangu mwanzo, akivuta pumzi.

"Basi nimebaki peke yangu," alisema kwa huzuni kubwa.

Yule mama aliangua kicheko, Dada akacheka, hata Nesi akacheka huku macho yake yamelowa, na ni katikati ya kicheko hicho nilipokunywa. Nilikunywa yote. Sikujua kwamba kiasi cha kuonja ni kidogo kuliko hicho. Niliweka glasi chini, na nadhani uso wangu ulisema kabla yangu, maana mama alikuwa ameinama mbele akinisoma kama mtu anayesoma kipimo cha homa.

"Haa," akasema. "Muzehe ameipenda."

Alimimina yake mwenyewe. Aliizungusha mdomoni, akatazama ziwa, akameza. Akamimina tena, sasa kidogo zaidi, akaita wa jikoni aje na mkate. Nilisali Salamu Maria tatu bila kukosea.

"Na hii," akamuuliza Nesi, "wewe hukuonja hata siku moja? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Unajuaje imekuwa tayari?"

Nesi alieleza: harufu inavyobadilika kutoka ndizi kuwa kitu kingine, sauti inavyopungua, povu linavyokaa. Alieleza kama anavyoeleza muuguzi juu ya mgonjwa aliyemkesha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga meza kwa kiganja, mifupa ya samaki ikaruka kwenye sahani kwa mara ya mwisho.

"Utaniletea kila Ijumaa. Lakini mutoto akizaliwa, unakuja hapa wewe mwenyewe, unakunywa mbele yangu. Muzehe huyu nimemukubali kwa leo tu."

Dada alipiga kigelegele cha Kikenya kilichowaamsha bata wa ziwani. Hajji alisimama akamshika Nesi mikono yote miwili, akaitikisa, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na mimi nikaitikia kwa namna yangu. Wateja wa meza za jirani walitaka kujua ni sherehe gani, na mama akawaambia, kwa sauti ile ya kuvuka maji, kwamba kuanzia Ijumaa wataona.

Tulipakia vitu vyetu garini bila utaratibu wowote. Nesi alimpigia simu kaka yake mkubwa palepale barabarani, akasimama akiwa ameziba sikio moja, na nilimsikia akisema mara mbili, "Hapana, migomba haiguswi. Haiguswi." Alipoingia garini alikaa kiti cha nyuma karibu nami, tukapanda kilima chote mpaka ziwa likapotea.

Kisha akaniinamia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu.

"Mwalimu. Ina ladha gani?"

Mimi niliyefundisha watu mafumbo magumu ya imani nikaanza kwa kubahatisha. Nilisema kwanza ni tamu, kisha si tamu. Nilisema kuna moshi kidogo. Akauliza, moshi wa namna gani? Nikasema kama jiko la mama asubuhi, kabla chai haijachemka. Akauliza, na mwishoni, ulimini kunabaki nini? Nikafumba macho nikatafuta. Hajji alipunguza mwendo ili asikie. Tulikuwa bado kwenye ile ladha ya mwisho, mimi nikitafuta na yeye akingoja, tulipofika Kabuga.